Maswali ya Wasomaji: Msimamizi ameirudisha mada yangu ya utafiti wa saikolojia

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninaingia mwaka wa tatu wa shahada ya saikolojia na nimekubaliwa kufanya utafiti wangu binafsi wa kuhitimu. Mada niliyopendekeza ni “Athari za simu janja kwa afya ya akili ya vijana wa Tanzania”. Nilikusudia kugawa dodoso darasani kwa wanafunzi 30 ili nipime usingizi pamoja na sonona. Msimamizi ameirudisha akisema ni pana mno. Nipunguze wapi? Na je, nisipopata uhusiano wowote, nitafeli?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msimamizi wako amekutendea wema. Vijana wa Tanzania ni mamilioni, afya ya akili ina matawi mengi, na neno “athari” linaahidi jambo ambalo dodoso la siku moja haliwezi kulithibitisha, kwa kuwa hata ukikuta kwamba wanaoshika simu usiku hulala vibaya, hutajua kama simu ndiyo iliyowanyima usingizi au kukosa usingizi ndiko kulikowafanya waishike simu. Kwa hiyo uliza kuhusu uhusiano, tena wa vitu viwili tu: je, muda ambao wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaokaa hosteli huutumia kwenye simu wakiwa tayari kitandani unahusiana vipi na ubora wa usingizi wao? Swali hilo lina watu unaoweza kuwafikia kwa miguu, na kila sehemu yake inapimika.

Kwa usingizi, usitunge maswali yako mwenyewe. Kipo kipimo cha Pittsburgh kilichochapishwa mwaka 1989, ambacho maswali yake 19 hutoa alama kuanzia 0 hadi 21, na mtu anayezidi alama 5 huhesabiwa kuwa analala vibaya. Omba ruhusa ya kukitumia kwa wanaokimiliki, kisha zingatia kwamba kinauliza kuhusu mwezi mzima uliopita, maana hapo ndipo ratiba yako inapoamuliwa. Ukikigawa wiki moja baada ya mitihani, utakuwa umepima usingizi wa mitihani. Ukikigawa mwishoni mwa Ramadhani, wanaofunga watakueleza usiku uliokatishwa na daku. Tafuta mwezi wa kawaida katikati ya muhula, kisha hesabu kurudi nyuma: kibali cha kamati ya maadili ya chuo huenda kikachukua wiki kadhaa, na bila kibali hicho huruhusiwi kumuuliza mtu hata swali moja.

Kuna jambo dogo ambalo limeharibu data nyingi hapa kwetu, nami nakusihi ulitazame mapema. Kipimo hicho kinauliza mtu hupanda kitandani saa ngapi na huamka saa ngapi. Mwanafunzi mmoja ataandika “4” akimaanisha saa nne usiku, wa pili ataandika “22:00”, na wa tatu ataandika “11”, nawe usijue kama ni saa kumi na moja alfajiri au ni saa tano usiku kwa hesabu ya saa ya simu yake. Saa alizolala zikikokotolewa kutokana na majibu hayo, alama yote inapotoka. Weka nafasi ya kuandika saa na, pembeni yake, visanduku vya kuchagua jioni, usiku, alfajiri au asubuhi, kisha toa mfano mmoja uliojazwa. Lijaribu dodoso kwa wenzako wachache ambao hawatakuwa washiriki, na ukae nao wanapolijaza ili uone wanapokwama.

Watu 30 hawatoshi. Kwa kiwango cha kawaida cha 0.05 (yaani kukubali nafasi ya asilimia 5 ya kuona uhusiano usiokuwepo) na uwezekano wa asilimia 80 wa kuuona uhusiano ikiwa kweli upo, uhusiano wa ukubwa wa kati, wa 0.3 kwenye kipimo ambacho 0 ni kutokuwa na uhusiano na 1 ni uhusiano kamili, unahitaji watu wapatao 85. Kwa watu 30 utaona tu uhusiano mkubwa, wa karibu 0.5. Lenga watu 100, kwa sababu baadhi ya madodoso yatarudi nusu tupu. Usiyagawe darasani mhadhiri akiwa amesimama mbele, kwani mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kukataa kwa uhuru mbele ya mtu atakayemsahihishia mtihani.

Kuhusu sonona, ushauri wangu ni kuiacha. Dodoso la maswali 9 linalotumika sana linamalizia kwa kuuliza kama mtu amewaza kwamba ni afadhali afe au ajidhuru. Fikiria umeketi chumbani usiku unaingiza majibu kwenye kompyuta, ukute karatasi isiyo na jina ambayo mwenyewe ameweka alama kwenye “karibu kila siku”. Huwezi kumtafuta wala kumsaidia, naye amekwisha kukuambia. Swali la namna hiyo huulizwa na mtafiti aliyekwisha kupanga nani atasoma majibu siku hiyohiyo na mshauri gani atampokea mhusika, na mpango huo ni mzito kwa mwanafunzi anayefanya kazi peke yake. Hata hivyo, weka namba ya huduma ya ushauri ya chuo chako kwenye karatasi ya ridhaa, kwa kuwa hata maswali ya usingizi huamsha mengine.

Hutafeli kwa kukosa uhusiano, mradi mpango wako ulikuwa thabiti. Kabla ya kukusanya chochote, andika ukurasa mmoja unaoeleza utalinganisha nini na nini, kwa kipimo gani cha takwimu, na nani ataondolewa kwenye hesabu kwa sababu gani. Weka tarehe, msimamizi atie saini. Mwaka 2015 watafiti walitangaza matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia zilizokwisha kuchapishwa, na ni takriban asilimia 36 tu ya marudio hayo yaliyotoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu. Sababu mojawapo inayotajwa ni mazoea ya kuchagua uchambuzi baada ya kuyaona majibu. Ukurasa wako uliosainiwa utamwonyesha mtahini kwamba hukufanya hivyo, na “sikuona uhusiano kwa watu 100” litakuwa jibu analoweza kuliamini.