Ukiona nukta mpya, rudi uipige tena

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia akitaka kujua darubini ya ukubwa gani inatosha kuwinda mwanga wa milipuko ya miali ya gama, ile mimweko mifupi na mikali inayotoka mbali angani. Jibu fupi: mlipuko wa tarehe 23 Januari 1999 ulinaswa na ROTSE, mtambo unaojiendesha wenyewe, kwa lenzi za kamera tu. Ukubwa wa kioo cha darubini usikunyime usingizi. Cha kujiuliza ni kwamba, ukishapiga picha ya kwanza, utarudi lini kupiga ya pili?

Setilaiti za Vela zilianza kuinasa milipuko hii mwaka 1967, na kwa miaka thelathini hivi hakuna aliyejua kwa hakika inatoka umbali gani. Ndipo tarehe 28 Februari 1997 setilaiti ya BeppoSAX ikaonyesha mahali pa kutazama, na kikundi cha mtaalamu wa nyota Jan van Paradijs kikapiga picha kwa darubini ya William Herschel kule kisiwani La Palma. Machi 8 eneo lilelile likapigwa tena. Nukta iliyoonekana Februari ilikuwa imetoweka, na huo ndio ulikuwa ushahidi kwamba ulikuwa mwanga wa mlipuko.

Mimi nililijua hilo vizuri. Usiku mmoja tahadhari ya Swift, setilaiti inayowinda milipuko hii, ilipoingia, nilipata nukta isiyokuwamo kwenye picha za zamani za anga. Nikairudia. Nikawa nabadilisha picha mbili kwenye skrini, hii, ile, hii, ile: nyota za jirani zimetulia, yenyewe inafifia. Asteroidi, jiwe linalozunguka jua, ingekuwa imesogea. Pikseli mbovu ingebaki palepale kwenye kamera hata baada ya kuisogeza darubini kidogo. Aliyekuwa juu yangu akasema tungoje, picha haijapendeza. Asubuhi kikundi kingine kikatangaza, sisi tukaja kuwa “waliothibitisha”. Bado inaniuma, sitaficha. Majuzi nimenasa mlipuko mwingine, na safari hii sikumngoja mtu.

Sasa sikilizeni, vijana. Kurudi kuna hesabu yake. Mara nyingi mwanga huu hufifia kadiri muda unavyozidishwa: kutoka saa ya kwanza hadi ya kumi, unabaki kama sehemu moja ya kumi. Ukiuwahi dakika kumi baada ya mlipuko, dakika kumi nyingine zinatosha kuona tofauti. Ukichelewa saa tano, kurudi baada ya dakika kumi ni kupoteza usiku. Ngoja saa tano nyingine, au kesho. Wengi hawangoji, wanataka sifa kabla ya ushahidi.

Mawimbi ya redio ya milipuko hii nayo yana mwendo wake. Mwaka 1997, mtaalamu wa nyota Dale Frail na wenzake waliisikia redio ya mlipuko wa Mei 8 kwa antena za VLA, darubini ya redio ya Marekani. Mwanzoni ilimetameta kama nyota, kisha ikatulia kadiri chanzo chake kilivyotanuka. Mwaka 2017, mlipuko wa Agosti 17 ulionekana kwa darubini ndani ya nusu siku, lakini redio yake ilijitokeza baada ya wiki mbili na zaidi. Vumbi linaweza kumeza mwanga wote na redio ikapita, kwa hiyo anayefunga faili siku ya tatu amejifungia mwenyewe.

Na usipoona kitu, tangaza vilevile: ulipiga saa ngapi, kwa kichujio gani, na nyota hafifu kuliko zote kwenye picha yako ina mwangaza kiasi gani. Tangaza usiku huohuo. Asiyetaka jina lake liwekwe, mwache alale.