Kabla Hujamwita Mwanao Babatunde

Tangu niolewe na Myoruba, wazazi wenzangu huniomba majina ya Nigeria ya kumpa mtoto, na wanalolipenda kuliko yote ni Babatunde. Si ajabu, maana mdomo wa Mswahili haupati taabu nalo. Mimi huwauliza kwanza: babu wa mtoto yu hai?

Babatunde maana yake "baba amerudi". Hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa baada ya babu yake kufariki, kwa imani kwamba waliotangulia hurudi katika ukoo uleule. Wa kike, aliyefiwa na bibi, huitwa Yetunde au Iyabo. Kwetu Pwani babu na mjukuu huitana somo huku wakila sahani moja, kwa hiyo ni rahisi kudhani mambo ni hayohayo. Kwa Wayoruba, kumwita mtoto Babatunde babu angali hai ni kumtangazia mzee msiba wake. Wangu aliitwa hivyo kwa kuwa baba mkwe alizikwa nikiwa mjamzito. Hakuna aliyekaa kulijadili.

Wazee wao husema "Ilé là ń wò kí a tó sọmọ lórúkọ", yaani hutazamwa nyumba kwanza, ndipo mtoto apewe jina. Nawe itazame yako. Mtoto alizaliwaje, na nani alikuwa ameondoka?

Yako majina ambayo mtoto huja nayo mwenyewe. Pacha anayetoka kwanza ni Taiwo, wa pili Kehinde, na huyo Kehinde ndiye mkubwa, kwani inaaminiwa alimtuma mwenziwe atangulie kuionja dunia. Anayezaliwa baada ya mapacha ni Idowu. Aliyetanguliza miguu ni Ige. Aliyetoka kifudifudi ni Ajayi, kama Samuel Ajayi Crowther, aliyewekwa wakfu mwaka 1864 kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana. Ukimwita Taiwo mtoto asiye pacha, maisha yake yote ataulizwa Kehinde yuko wapi. Durojaiye nalo ni tamu kulisikia, "kaa uifurahie dunia", lakini hupewa mtoto aliyetanguliwa na ndugu waliokufa wachanga. Mama aliyepitia hayo akilisikia, anajua.

Kama nyumba yako haina habari ya aina hiyo, chukua Ayodele, "furaha imefika nyumbani", au Oluwaseun, la kumshukuru Mungu. Hayo hayamjeruhi mtu.

Ukiwa umeolewa huko, siku ya nane kaa na kalamu. Mtoto huonjeshwa asali na chumvi kwa dua, kisha wazee hutia pesa kwenye bakuli, kila mmoja akitaja jina analompa mtoto. Yaandike yote. Mwombe pia bibi amchagulie oríkì, jina la kumbembelezea: Ajani au Akanni kwa mvulana, Abeni au Amoke kwa msichana. Hilo si la kwenye cheti. Ni la bibi kumwita asubuhi, na usimkatize akianza kulirefusha kwa sifa za ukoo.