Fundi Anajibu: Seva Imezima, Kapu la Mteja Limekwenda Wapi?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu, nina programu ya kubuku maboti na vyumba vya wageni, nimeiandika kwa Java inakaa kwenye Tomcat, ile programu ya seva inayoendesha kazi za Java. Mwanzo nilikuwa na seva moja, ikaja ikazidiwa wakati wa Maulidi, nikaongeza ya pili na lodi balansa mbele ya kugawa wateja kati ya hizo mbili, nikajua basi nimemaliza. Juzi seva ya kwanza imezima ghafla, ya pili nzima kabisa, lakini wateja wote waliokuwa kwenye ile ya kwanza wametupwa nje wakaambiwa waingie upya. Kuna mama mmoja alikuwa ashachagua boti, watu 9, tarehe, kila kitu, kurudi akakuta kapu tupu. Alinipigia simu, aliyoniambia siwezi kuyaandika hapa. Sasa faida ya seva mbili ni nini?

JIBU: Wa alaykum salaam mwanangu, pole sana, na huyo mama mpigie umtake radhi kabla hujaendelea kusoma.

Seva zako ni kama duka la ndugu wawili hapo mtaani. Wewe umezoea kukopa kwa mkubwa, deni lako anaandika kwenye daftari analolitia mfuko wa kanzu. Siku amesafiri Mombasa na kanzu yake, duka liko wazi, mchele upo, mdogo mtu yuko kaunta, ila hakujui, hajui umelipa ngapi wala umebakisha ngapi. Ndo yaliyomkuta yule mama. Simu yake ilibeba namba tu, ile kuki ya JSESSIONID ambayo seva humpa mteja imtambue, na namba ni kikaratasi, vitu vyenyewe vilikuwa kwenye memori ya seva iliyokufa.

Bila shaka lodi balansa umeiambia mteja arudishwe kwa seva ile ile kila mara. Hiyo ni nzuri, endelea nayo, lakini seva ikifa hakuna pa kumrudisha.

Sasa njia. Tomcat yenyewe inajua kunakili sesheni, yaani yale ambayo seva inamkumbukia mteja aliyeingia, kutoka seva moja hadi nyingine, unawasha Cluster kwenye faili la mipangilio ya Tomcat, server.xml, halafu unaweka distributable kwenye web.xml ya programu, hii ya pili watu wengi wanaisahau halafu wanakesha. Bila kuchagua kitu inatumia DeltaManager, ambayo inapeleka mabadiliko kwa seva zote za klasta, yaani kundi zima. Kwa seva mbili sawa kabisa. Ukifika kumi itakuwa kelele tupu, hapo hamia BackupManager inayoweka nakala kwa seva moja tu nyingine.

Lakini subiri usikimbie, manake mitego iko hapa. Kila unachotia ndani ya sesheni lazima kiweze kugeuzwa baiti kipite kwenye waya, yaani klasi zako zitangaze Serializable, la sivyo Tomcat itakutupia erori. Pili, ukichukua kapu kutoka kwenye sesheni ukaongeza abiria mmoja ndani yake kimya kimya, Tomcat haioni chochote, itakavyojua ni wewe uite setAttribute tena, ile amri ya kutia kitu kwenye sesheni. Hii imenila mimi wiki nzima, kapu upande wa pili lilikuwa lipo lakini la zamani, abiria 4 badala ya 6, nikalaumu mtandao bure. Tatu, seva zinatafutana kwa maltikasti, yaani tangazo moja linalofika kwa zote kwenye mtandao, anwani 228.0.0.4 poti 45564, na seva nyingi za kukodi haziruhusu hiyo kitu, basi kila moja inajiona iko peke yake na haikwambii. Orodhesha wanachama kwa mkono. Na mwisho, kwa kawaida nakala inatumwa bila kungoja jibu, ule mpangilio wa channelSendOptions kwenye Cluster ni 8, kwa hivyo mteja anaambiwa tayari wakati nakala bado iko njiani. Ukiweka 6 seva inangoja mwenzake athibitishe, unapoteza spidi kidogo.

Kuna wanaotoa sesheni nje kabisa wakaiweka Redis, ghala la data la pembeni, seva zote zinasoma hapo. Naipenda, hata ukibadilisha toleo la programu mchana wateja hawajui. Ila Redis ikiwa moja, umehamisha tatizo tu, daftari lile lile kanzu nyingine.

Lakini mimi ningekuwa wewe ningeanza kwengine. Kapu la buking lina kazi gani kwenye sesheni? Litie kwenye databezi mara tu mteja anapochagua boti, sesheni ibaki na namba ya mtu na namba ya kapu basi. Tena fikiria M-Pesa: mteja anaweka PIN, halafu majibu ya malipo yanakuja kwa seva yako kutoka kwao, hayatoki kwa simu ya mteja, hayana kuki yake, yana CheckoutRequestID, namba ya ombi la malipo. Yanaweza kutua seva yoyote. Kama oda uliificha kwenye sesheni utakuwa na pesa zisizo na mwenyewe, na hapo simu ya yule mama utaiona ya mapenzi.

Ukimaliza jaribu, na usizime kwa adabu. Tomcat za kabla ya toleo la 10.1 ukizizima taratibu kwa kawaida zinaandika sesheni kwenye diski na zikiamka zinazisoma, utadhani mambo safi. Ua kwa kill -9, amri ya kuzima ghafla, ukiwa umejaza kapu nusu, halafu bonyeza endelea. Na hizo seva mbili kama zinalala kwenye soketi moja ya umeme, mwanangu, hiyo ni seva moja yenye mikono minne.

SWALI: Fundi, niko Malindi, hoteli ninayoifanyia kazi wanalalamika mfumo unawatoa nje kila baada ya dakika 30. Niweke masaa 24?

JIBU: Hizo 30 ndo za kawaida za Tomcat, zinahesabiwa toka mtu aguse mara ya mwisho. Masaa 24 hapana, kompyuta ya mapokezi inashikwa na kila anayepita. Weka masaa 2, na fomu ndefu zihifadhiwe zenyewe kila baada ya muda. Halafu waambie zamu ikiisha watoke kwenye mfumo, najua hawatatoka, lakini waambie.