Kwa nini wino wa muhuri unapakaa kwenye kadi

Dada, umeuliza kwa nini wino wa muhuri unapakaa kwenye kadi unazotengeneza, na jinsi ya kupanga meza ya kazi. Wino unapakaa kwa sababu karatasi yako inang'aa, haifyonzi. Tafuta karatasi ngumu isiyong'aa, ya uzito wa gramu 250 hivi kwa mita ya mraba. Zunguka maduka ya karatasi katikati ya jiji na uiguse kabla ya kulipa. A4 moja ukiikata nusu na kukunja kila nusu, unapata kadi mbili za A6 zinazoingia bahasha ya saizi ya C6. Kabla ya kukunja, pitisha biro iliyoisha wino kando ya rula, mkunjo utanyooka. Mihuri ya plastiki angavu ifute kwa kitambaa chenye maji, kisha iweke mbali na jua, isigeuke manjano. Kuhusu meza: mikasi na gundi yangu hukaa kwenye makopo ya Blue Band. Yale masanduku ya bei ghali ya kuwekea vifaa ni mapambo tu.