Ramani ya zamani ya Rwenzori: anza kusoma pambizoni

Ramani yangu ya Rwenzori, milima ya mpakani mwa Uganda na Kongo, niliipata kwa muuza vitabu vya mitumba, imechanika kwenye mikunjo na inanuka ukungu. Skeli yake ni 1:50,000, yaani sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya mlima. Nilipoitandaza mezani, macho yalikimbilia vileleni, nikayapuuza maandishi madogo ya pambizoni. Usifanye hivyo. Yale maandishi ndiyo ramani yenyewe.

Kilele cha Margherita humo ni 16,763. Hizo ni futi. Kwa mita ni 5,109. Mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, nayo ni ya futi, na ukiisoma kwa mita, kila mteremko utauona ukuta.

Kosa langu kubwa lilikuwa jingine. Tukiwa Bujuku, bonde lenye ziwa huko huko mlimani, nilichukua namba za mahali kwenye simu, nikazitafuta kwenye gridi ya ramani. Zikaangukia ziwani! Na mimi nimesimama njiani, tope limefika magotini. Simu hutumia WGS84, mmoja wa mifumo ya kupimia mahali duniani; ramani za zamani za Afrika Mashariki zimejengwa juu ya mfumo wa zamani uitwao Arc 1960, na tofauti ya mifumo hiyo miwili huku kwetu ni karibu mita 300. Kwenye ukungu wa Rwenzori, mita 300 ni nyingi mno. Ingiza Arc 1960 kwenye mipangilio ya programu yako kabla hujaondoka nyumbani.

Karatasi yenyewe usiibandike selotepu, inaacha madoa yasiyotoka. Ihifadhi imenyooka, iskani, na na mlimani panda na nakala tu.

Halafu tazama mwaka wa picha za angani zilizotumika kuchora ramani, maana hapo ndipo barafu inapodanganya. Msafara wa Luigi Amedeo wa Italia ulipofika mwaka 1906, barafu ilikuwa kwenye milima sita. Miaka 100 baadaye ilikuwa imebaki kwenye mitatu tu: Stanley, Speke na Baker, nayo ikizidi kupungua. Usipange njia yako kwa kufuata barafu iliyochorwa.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa Kikonzo, mwenyeji wa milima hiyo. Nilimfunulia nakala, nikamuuliza, “Mzee, ulipokuwa kijana barafu ilifika wapi?” Hakuitazama karatasi. Alinyoosha fimbo kwenye mwamba mtupu, chini kabisa ya ukingo tuliokuwa tunauona, akasema, “Pale. Tulikuwa tunaikanyaga pale.” Nikaweka alama ya penseli na tarehe.