Filamu Ikiisha, Chukueni Kalamu

Nafundisha hisabati ya jioni hapa Mwanga, Kigoma, na wengi wa watoto wanaokuja kwangu wamelikatia tamaa somo kabla hatujaanza. Waulize sasa kuhusu filamu waliyoiona juzi kibanda umiza: watakusimulia mwanzo mwisho, hadi rangi ya gari la adui. Mzazi, mwalimu mwenzangu, anzia hapo.

Usiikatize filamu. Ikiisha, uliza swali moja tu lenye namba ndani yake. Yakizidi unakuwa mtihani, na hawatataka kukaa nawe tena mbele ya runinga.

Mimi huanza na majitu. Nyani mrefu kuliko ghorofa, mtu aliyerefuka hadi kichwa kikapita nyaya za umeme. Je, angeweza kusimama? Nunua sabuni ya mawese, uikate vipande vidogo vyenye pande zote sawa. Mwambie mtoto ajenge mchemraba wenye vipande viwili kila upande: atatumia 8, na vinavyogusa meza ni 4. Vitatu kila upande: 27, na mezani 9. Usimpe kanuni. Mwache apange, ahesabu, abomoe, arudie, kwa sababu hapa ndipo kichwa kinapofunguka. Akifika vinne atakutajia 64 na 16 kabla hajashika sabuni.

Sasa mrudishe kwenye filamu. Mtu wa kilo 70 akikuzwa mara 10 kwa urefu, upana na unene, uzito wake unakua mara 1,000: tani 70. Lakini mifupa ya miguu, ukiipima kwa eneo la mkato wake, imekua mara 100 tu. Kila sentimita ya mraba ya mfupa inabeba mzigo mara 10 ya ule wa zamani. Mwanasayansi Galileo wa Italia alilieleza hili kwenye kitabu chake cha mwaka 1638, na ndiyo sababu tembo hawezi kuwa na miguu ya swala. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili akauliza: mbona siafu anabeba mzigo mkubwa kuliko mwili wake? Jibu lilikuwa pale pale mezani. Pande zikipungua, uzito hushuka haraka kuliko nguvu. Nilifurahi sana siku ile, maana swali lile hakulitoa kwenye daftari lolote.

Kwa wakubwa kidogo, chukua Interstellar ya 2014. Kuna sayari ambayo saa moja yake ni miaka 7 ya duniani. Wape uwiano huo, wapige hesabu: sekunde moja kule ni kama saa 17 huku. Anayesitasita sekunde 10 mlangoni mwa chombo amepoteza wiki nzima. Mshauri wa sayansi wa filamu hiyo, Kip Thorne, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2017.

Kuna filamu ambazo siwaonyeshi bila maneno. Ni zile ambazo mjuzi wa hesabu huangalia ubao mara moja, jibu likamshukia, naye ni mtu wa ajabu asiyeelewana na yeyote. Mtoto anayehangaika na hesabu za sehemu atatoka pale akiamini kwamba hisabati ni ya waliozaliwa nayo. Mpe Hidden Figures ya 2016, kisha mweleze kilichotokea kweli: kabla mwanaanga wa Marekani John Glenn hajarushwa kuizunguka dunia Februari 1962, aliomba mwanahisabati Katherine Johnson ahakiki namba za kompyuta. Mama huyo akazipiga upya kwa mashine ya hesabu ya mezani. Ilimchukua siku moja na nusu. Hiyo siku moja na nusu itaje mara mbili.

Na kwa sisi tunaokaa kando ya ziwa, filamu za nyambizi ni hazina. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 hivi panapozidi, na kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo wa kama kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Chini kabisa ni kilo 147 juu ya sehemu isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Mwambie mtoto achore dirisha la nyambizi la sentimita 20 kwa 20, aizidishe mwenyewe. Atafika karibu tani 59.