Maswali na majibu: Tokeni zilizosimbwa huvujaje kupitia kiongezi cha gumzo?

Swali: Mimi ni msimamizi wa mifumo. Kampuni yetu inatumia Jenkins kujenga na kusambaza programu, na kila kazi ikikamilika taarifa hutumwa Slack (programu ya gumzo la kazini) na kwenye kundi letu la Telegram. Mkaguzi wa usalama ametuandikia kwamba viongezi vya gumzo (programu ndogo zinazoongezwa kwenye Jenkins ili iweze kutuma ujumbe) vinaweza kuvujisha tokeni zetu, yaani misimbo ya siri inayotumika kama nywila. Sielewi, kwa kuwa tokeni zote zimesimbwa na mtumiaji wa kawaida hawezi kuzifungua. Je, hilo linawezekanaje, na kusasisha viongezi kunatosha?

Jibu: Ndugu msomaji, mkaguzi wenu yuko sahihi, ila hatari anayoieleza haitokani na namna tokeni zinavyohifadhiwa bali na namna zinavyotumiwa. Jenkins huzisimba siri kabla ya kuziandika katika faili la credentials.xml, na funguo za kuzisimbua hukaa katika folda ya secrets ndani ya seva hiyohiyo. Mpangilio huo unamzuia mtu aliyepata nakala ya faili hilo bila funguo. Haumzuii mtu anayeweza kuiagiza seva yenyewe izisimbue na kuzipeleka anakotaka, na seva haina budi kuwa na uwezo wa kuzisimbua, vinginevyo isingeweza kutuma hata taarifa moja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa kiongezi cha HipChat, iliyokuwa huduma ya gumzo la kazini. Septemba 2018 mradi wa Jenkins ulitoa tangazo la usalama kuhusu toleo la 2.2.0 la kiongezi hicho na yaliyolitangulia, na kasoro zake mbili zikasajiliwa katika orodha ya umma ya kasoro za usalama (CVE) kwa nambari CVE-2018-1000418 na CVE-2018-1000419. Katika mipangilio yake kulikuwa na kitufe cha kutuma ujumbe wa majaribio, ambacho msimamizi hukibonyeza ili ajue kama amejaza kila kitu sawasawa. Kitufe kikibonyezwa, kivinjari huipelekea Jenkins vitu viwili muhimu: anwani ya seva ya gumzo, na kitambulisho cha siri itakayotumika. Kitambulisho hicho si siri yenyewe, ni jina tu linaloonyesha siri ipi ichukuliwe. Jenkins huitafuta, huisimbua, kisha huiambatisha kwenye ombi linalokwenda kwenye anwani iliyotajwa.

Msimbo uliopokea ombi hilo haukuuliza kama anayeomba ana haki ya kufanya hivyo. Kwa hiyo mtu mwenye ruhusa ya Overall/Read tu, ambayo kwa kawaida hupewa kila anayehitaji kuuona ukurasa wa kazi zake, angeweza kuandika ombi lile kwa mkono, akaweka anwani ya seva yake mwenyewe mahali pa anwani ya HipChat, na tokeni ikamfikia bila kuvunja usimbaji wowote. Kilichobaki kilikuwa kujua kitambulisho, na kasoro ya pili ndiyo iliyomwezesha kuviorodhesha. Ukurasa wa mipangilio haukuonekana kwa mtumiaji wa kawaida, ni kweli, lakini kumficha mtu kitufe si sawa na kumfungia njia ambayo kitufe hicho hupita. Jambo hili ndilo ninalowasihi wasimamizi walizingatie kuliko mengine yote.

HipChat ilifungwa mwaka 2019, lakini kosa la namna hii halikuondoka nayo. Matangazo ya Jenkins yameeleza kasoro za aina hiyohiyo katika viongezi vingine vyenye kitufe cha kujaribu muunganisho. Ikiwa wataalamu wenu wanaandika kiongezi chao wenyewe, wakague njia hiyo kwanza: iulize ruhusa ya usimamizi kabla ya kuigusa siri, na ikubali maombi ya POST pekee (yale ya kutuma data), kwa sababu inapokubali GET (ombi la kawaida la kufungua ukurasa), ukurasa wowote mbaya ambao msimamizi ameufungua unaweza kukifanya kivinjari chake kitume ombi hilo kwa niaba yake bila yeye kujua.

Sasa kuhusu kusasisha. Ni lazima mfanye hivyo, na mfanye leo, lakini hakutoshi. Sasisho huziba njia kwa siku zijazo. Halirudishi tokeni iliyokwisha kutoka. Tokeni ya boti ya Slack, ile inayoanza na xoxb, haina muda wa kuisha isipokuwa mmewasha utaratibu wa kuibadilisha mara kwa mara, hivyo iliyoibwa mwaka jana yaweza kuwa inafanya kazi hadi sasa. Kama hakuna dalili ya wizi, tengenezeni tokeni mpya, iwekeni Jenkins, hakikisheni taarifa zinafika, ndipo mfute ya zamani. Kama dalili ipo, futeni kwanza na mvumilie taarifa kukatika kwa saa chache.

Dalili hizo zitafuteni katika logi (kumbukumbu za matukio) za seva ya wavuti iliyo mbele ya Jenkins, kwenye maombi ambayo njia yake ina neno descriptorByName. Mengi yatakuwa halali, kwa sababu fomu za mipangilio hukaguliwa kwa njia hiyohiyo. Yanayopaswa kuwashtua ni yale ya watu wasio wasimamizi, hasa yakifuatwa mara moja na mawasiliano yanayotoka Jenkins kwenda kwenye anwani msiyoifahamu. Fayawali (kizuizi cha mtandao) inayoiruhusu Jenkins kutoka kwenda kwenye seva chache zilizotajwa tu ingelizima shambulio la HipChat hata kabla kasoro haijajulikana. Vilevile, siri za kila mradi ziwekwe katika folda ya mradi huo badala ya ngazi ya juu, ambako utafutaji wa mfumo mzima huzifikia.

Telegram inahitaji uangalifu wa peke yake. Tokeni ya boti yake huandikwa ndani ya anwani ya ombi lenyewe, baada ya api.telegram.org/bot, na ndiyo maana muunganisho ukishindwa maktaba nyingi huiandika anwani nzima katika ujumbe wa kosa, na ujumbe huo ukabaki katika logi ya kazi ambayo kila mtumiaji wa mradi anaweza kuisoma. Tafuteni maneno api.telegram.org/bot katika logi zenu za zamani. Mkiyakuta pamoja na tokeni, mwandikieni BotFather, boti ya Telegram yenyewe inayosimamia boti nyingine, amri ya /revoke: atawapa tokeni mpya na ya zamani itakufa papo hapo. Mhakikishe pia kwamba boti hiyo si msimamizi wa kundi, kwa kuwa boti iliyopewa usimamizi husoma ujumbe wote wa kundi, na yeyote mwenye tokeni yake husoma pamoja nayo.